Maswali ya Wasomaji: Chumvi, Sukari na Umeme wa Seli

Barua za safari hii zimetoka pande za Kigoma na Tabora. Karibu zote zinagusa jambo moja: ndani ya seli na nje yake hapafanani, si kwa wingi wa ioni wala kwa umeme, na maisha yanategemea tofauti hiyo. Ndiyo maana tumeanza na swali la mwanafunzi, kwani majibu mengine yanalitegemea.

Tumefundishwa kwamba potasiamu imejaa ndani ya seli kuliko nje, na kwamba utando wa seli una mifereji ya potasiamu iliyo wazi muda wote. Sasa mbona potasiamu haivuji yote ikaisha?
*Mwanafunzi wa kidato cha tano, Kigoma Mjini*

Kwa sababu potasiamu inaendeshwa na nguvu mbili, na wengi hukumbuka moja tu.

Tuanze na ile inayokumbukwa, yaani mteremko wa ukolezi. Chembe haijui upande wenye uchache uko wapi, inatangatanga tu. Tuseme ndani kuna chembe 100 na nje 10, na kila chembe ina nafasi 1 kati ya 10 ya kuvuka katika sekunde moja. Zitatoka 10 na kuingia 1, kwa hiyo upande wa ndani umepungukiwa na 9. Hakuna chembe iliyosukumwa, ni wingi wao tu uliofanya kazi. Kwa oksijeni, ambayo haina chaji, maelezo yanaishia hapo.

Potasiamu ina chaji chanya. Kila ioni inayotoka inaondoka na chanya moja, na nyuma inaacha protini na fosfeti zenye chaji hasi ambazo haziwezi kupita kwenye utando. Ndani panazidi kuwa hasi, na hasi huivuta chanya irudi. Hufika mahali mvuto wa umeme wa kuirudisha ndani unalingana na msukumo wa ukolezi wa kuitoa nje. Hapo zinazotoka na zinazoingia huwa sawa kwa idadi.

Volti ya mahali hapo hupatikana kwa mlinganyo wa Nernst. Katika joto la mwili, nyuzi 37, unaweza kuuandika hivi: milivolti = (61.5 ÷ chaji ya ioni) × logi ya (ukolezi wa nje ÷ ukolezi wa ndani). Potasiamu nje ni takriban milimoli 4 kwa lita, ndani 140. Gawanya 4 kwa 140, upate 0.0286. Logi yake ni −1.544. Zidisha kwa 61.5, jibu ni −95. Kwa sodiamu, nje 145 na ndani 12, utapata +67.

Kwenye mtihani makosa ni yale yale kila mwaka: kugeuza sehemu (ya ndani juu, ya nje chini), kusahau kwamba kalsiamu ina chaji 2 kwa hiyo 61.5 inagawanywa kwa 2, na kusahau kwamba kloraidi ina chaji −1, ambayo inageuza alama ya jibu. Anza kwa kuandika chaji ya ioni pembeni kabla hujagusa kikokotoo.

Sasa swali lako lenyewe, kuhusu kuisha. Chukua seli ya duara yenye kipenyo cha maikromita 20. Ili ifikie −90, inatosha itoke takriban ioni 1 ya potasiamu kati ya kila 50,000 zilizomo. Ukolezi wa ndani haubadiliki kiasi cha kupimika. Umeme unajengeka haraka kuliko potasiamu inavyopungua, na ndio unaofunga hesabu.

Seli ya neva iliyotulia husoma karibu −70, si −95, kwa kuwa sodiamu kidogo nayo huvuja kuingia ndani. Usiidharau −70 kwa udogo wake. Sehemu ya mafuta ya utando ina unene wa takriban nanomita 5 tu, na ukigawanya utaona ni sawa na volti milioni 14 kwa mita.

Vitabu vingine vinasema volti ya seli iliyotulia inatengenezwa na pampu ya sodiamu na potasiamu, vingine vinasema ni uvujaji wa potasiamu. Niwafundishe lipi?
*Mwalimu wa biolojia, Kasulu*

Mwalimu, wafundishe kwamba uvujaji ndio unaotoa volti, na pampu ndiyo inayolinda tofauti ya ukolezi inayofanya uvujaji huo uwezekane. Pampu hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2 kila mzunguko, kwa hiyo chanya moja ya ziada hutoka. Mchango huo wa moja kwa moja ni milivolti chache tu. Ushahidi mzuri ni wabaini, sumu inayopatikana kwenye miti ya Acokanthera, ambayo watu wa Afrika Mashariki waliipaka kwenye mishale. Wabaini huikaba pampu. Katika seli kubwa ya neva volti hushuka kidogo mwanzoni, kisha huendelea kufifia polepole kadiri sodiamu inavyojaa ndani na potasiamu inavyoisha.

Kama darasa lako linapenda hesabu, wape hii. Kutoa moli moja ya sodiamu dhidi ya ukolezi kunagharimu kilojuli 6.4, na dhidi ya umeme wa −70 kunagharimu 6.8, jumla 13.2. Mara tatu ni karibu 39.5. Potasiamu inayoingia inapanda mlima wa ukolezi kwa kilojuli 9.2, lakini umeme unaisaidia kwa 6.8, kwa hiyo zinabaki 2.4. Mara mbili ni 4.8. Jumla yote ni takriban kilojuli 44. Moli moja ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, ndani ya seli hai hutoa 50 hadi 60. Wanafunzi wakiona hivyo wanaelewa kwa nini ATP moja haiwezi kusukuma sodiamu 5. Pampu hii ilielezwa na Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957, akitumia neva za kaa, na mwaka 1997 alipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo.

Asalaam aleikum. Mtoto akiharisha tunapewa pakiti za ORS. Chumvi naielewa, maana mwili unapoteza chumvi. Sukari ya nini? Na kama sukari inasaidia, si nimpe soda tu, ambayo anaipenda?
*Mama wa watoto watatu, Ujiji*

Waaleikum salaam, mama. Sukari iliyomo kwenye ORS haijawekwa kwa ajili ya ladha wala nguvu. Ndiyo inayoifungulia chumvi mlango.

Seli zinazopanga ukuta wa utumbo mwembamba zina pampu ile ile tuliyomweleza mwalimu, upande wake ulio karibu na damu. Inatoa sodiamu muda wote, kwa hiyo ndani ya seli sodiamu inabaki chache na umeme unabaki hasi. Upande unaotazama chakula kuna protini iitwayo SGLT1. Protini hii hupokea sodiamu 2 na glukosi 1 kwa pamoja, na kimoja kikikosekana hakuna usafirishaji. Sodiamu inaingia ikifuata mteremko wake, na glukosi inaingia nayo. Kisha maji yanafuata, kwa sababu maji huelekea palipo na chembe nyingi zilizoyeyuka. Chumvi tupu kwenye maji haipiti kwa kiasi cha kutosha kwa mtoto anayeharisha, na sukari tupu inakosa mwenzake. Robert Crane, mtaalamu wa Marekani, aliueleza ushirikiano huu mwaka 1960, na matibabu ya ORS yanasimama juu yake.

Mkoa wa Kigoma una sababu ya kulijua hili vizuri. Mwezi Mei mwaka 2015 kipindupindu kiliwashika wakimbizi kutoka Burundi waliokuwa wamefurika Kagunga, kando ya ziwa. Sumu ya kipindupindu huifungua mifereji ya kloraidi ya utumbo na kuiacha wazi. Kloraidi inamwagika nje, sodiamu inaifuata, maji yanafuata vyote viwili, na mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa. Lakini sumu hiyo haiharibu SGLT1. Mlango wa kuingilia bado unafanya kazi hata mlango wa kutokea ukiwa umevunjika, na kupitia hapo mgonjwa anaweza kurudishiwa maji kwa kikombe.

Vipimo vya pakiti ya lita 1 ni hivi: chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi 13.5, kloraidi ya potasiamu 1.5, sitreti ya sodiamu 2.9. Ukivihesabu kwa milimoli unapata sodiamu 75, kloraidi 65, potasiamu 20, sitreti 10 na glukosi 75, jumla 245. Damu ina karibu 290. Kwa hiyo maji ya ORS ni mepesi kidogo kuliko damu, yaani yana chembe chache zaidi zilizoyeyuka, na yanaelekea kwenye damu.

Sasa soda. Soda nyingi zina takriban gramu 100 za sukari kwa lita na sodiamu kidogo mno. Uzito wake unazidi wa damu, kwa hiyo maji yanatoka kwenye damu kuja utumboni na kuharisha kunaongezeka. Juisi ya boksi ina shida hiyo hiyo. Tunakusihi, mama, usimpe soda mtoto anayeharisha hata akilia.

Kosa tunalolisikia mara kwa mara ni la chupa. Pakiti ya lita 1 inamiminwa kwenye chupa ya maji ya nusu lita, na mchanganyiko unakuwa 490, mzito karibu kama soda na wenye chumvi mara mbili. Au inamiminwa kwenye chupa ya lita 1 na nusu, sodiamu inashuka hadi 50, nayo haitoshi. Soma pakiti, kwa maana zipo pia za ujazo mdogo, kisha pima maji kwanza. Yawe yamechemshwa na kupoa, hasa kama ni ya ziwani. Usichemshe tena baada ya kutia dawa, na kinachobaki baada ya saa 24 kimwage.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji; wa miaka 2 hadi 10 apewe 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kwa kijiko, polepole. Vidonge vya zinki viende pamoja na ORS: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Maziwa ya mama yasikatwe.

Pakiti ikikosekana usiku, weka vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwenye lita 1 ya maji safi. Vijiko viwe vya kusawazishwa kwa kisu, visiwe vya mlima. Sukari ya dukani hukatwa na utumbo kuwa glukosi na fruktosi, kwa hiyo inafanya kazi. Onja kwanza: kama ina chumvi kuliko machozi, imezidi, imwage. Mchanganyiko huu hauna potasiamu, basi asubuhi tafuta pakiti. Mtoto mwenye macho yaliyozama, anayelegea, asiyeweza kunywa, au mwenye damu kwenye choo apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, huku akiendelea kupewa ORS njiani.

Maabara imetuletea jibu la potasiamu ya juu, milimoli 6.8 kwa lita, la mgonjwa anayetembea na kuongea vizuri. Sampuli ilitoka zahanati ya mbali, ikiwa ndani ya kasha la barafu. Tuamini?
*Muuguzi, Tabora*

Usiamini, usipuuze. Rudia kipimo leo, na wakati unasubiri mfanyieni kipimo cha umeme wa moyo.

Barafu ndiyo tunayoishuku kwanza. Chembe nyekundu za damu zina potasiamu zaidi ya mara 20 ya ile iliyo kwenye plazima. Kwenye baridi pampu zao zinalala, lakini uvujaji unaendelea, na potasiamu inajaa kwenye seramu bila hata seli moja kupasuka. Ndiyo maana seramu inaweza kuonekana safi, isiyo na wekundu, na bado jibu likawa la uongo. Damu nzima kwa kipimo cha potasiamu isiwekwe kwenye barafu. Iache igande, itenganishwe kwa sentrifuji ndani ya saa 1 hadi 2, kisha seramu peke yake ndiyo isafirishwe ikiwa baridi.

Kagua pia namna ilivyochukuliwa. Mpira uliofungwa mkononi muda mrefu huku mgonjwa akikunja na kukunjua ngumi huongeza potasiamu. Kuisukuma damu kwa nguvu kupitia sindano nyembamba hupasua seli. Na kichupa chenye kifuniko cha zambarau kina EDTA ya potasiamu, dawa ya kuzuia damu isigande. Damu ikimiminwa kutoka humo kwenda kichupa kingine, potasiamu inapanda na kalsiamu inashuka kwa pamoja. Ukiona jibu la namna hiyo, uliza kuhusu vichupa kabla ya kumgusa mgonjwa.

Kama 6.8 ni ya kweli, hesabu ya mwanafunzi wetu inaonyesha hatari yake. Weka 6.8 mahali pa 4 na jibu linatoka −95 kwenda −81. Seli za moyo zinabaki zimeinuka nusu njia, mifereji yake ya sodiamu inajifunga isijiandae kwa pigo linalofuata, na mapigo yanavurugika. Matibabu nayo yanaeleweka hapo hapo: kalsiamu ya mshipani inautuliza moyo bila kupunguza potasiamu, wakati insulini pamoja na glukosi inaichochea pampu irudishe potasiamu ndani ya seli. Na kwa sababu hiyo hiyo potasiamu ya ampuli haisukumwi kamwe mshipani bila kuchanganywa. Kwa mshipa wa mkono isizidi milimoli 10 kwa saa, labda kama moyo unafuatiliwa kwa mashine.

Tunatia dagaa chumvi ya Uvinza kabla ya kuanika. Kiangazi wanakauka vizuri, masika wanarudi kulowana ghalani hata paa lisipovuja. Tatizo ni chumvi?
*Mkaushaji dagaa, Kibirizi*

Chumvi inafanya kazi mbili. Samaki akiwa bado mbichi, maji yanatoka kwenye seli zake kwenda kwenye chumvi. Baada ya muda utando wa seli unakufa na kupasuka, na kuanzia hapo chumvi yenyewe inaingia kwenye nyama. Ikijaa ya kutosha, bakteria wengi waozeshao hawapati maji ya kuwatosha, hata nyama ikiwa bado na unyevu.

Ila chumvi iliyokolea kabisa huwa katika ulinganifu na hewa yenye unyevu wa asilimia 75. Hewa ikiwa kavu kuliko hapo, dagaa wanatoa maji. Ikizidi hapo, kama ilivyo usiku mwingi wa masika kando ya ziwa, wanayanyonya kutoka hewani. Kuongeza chumvi hakutasaidia. Wafunge kwenye mifuko ya plastiki mizito wakiwa wamekauka na kupoa, mchana wa jua, na magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Kama unatumia maji ya chumvi badala ya kunyunyiza, gramu 360 kwa lita 1 ya maji ndiyo mwisho wa kuyeyuka. Zaidi ya hapo inatua chini. Yale maji yabadilishe, kwani kila fungu la dagaa linaongeza maji na kuyapunguza makali.

Migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, wanaishi kwenye maji baridi maisha yao yote. Kwa nini hawavimbi?
*Msomaji, Kigoma*

Maji huwaingia kweli, hasa kupitia matamvua. Hawanywi kwa wingi, figo zao hutoa mkojo mwingi mwepesi, na seli maalumu za matamvua hutumia ATP kuchota sodiamu na kloraidi kutoka ziwani kuzirudisha mwilini dhidi ya mteremko.

Shule yetu haina maabara. Nifanye jaribio gani la osmosisi (maji kupita kwenye utando wa seli) lenye namba, si la kutazama tu?
*Mwalimu, Nzega*

Nunua viazi mviringo, sukari, na mizani ndogo ya kidijitali inayosoma gramu 0.1. Tengeneza maji ya sukari ya aina nne: gramu 0, 68, 137 na 205 katika lita 1 ya mchanganyiko (weka sukari kwanza, kisha jaza maji hadi lita). Hizo ni moli 0, 0.2, 0.4 na 0.6 kwa lita.

Kata vipande vya sentimita 5 kwa 1 kwa 1, visivyo na ganda, vyote kutoka kiazi kimoja kama kinatosha. Vifute kwa karatasi, pima kila kimoja, tia vitatu katika kila mchanganyiko na ufunike. Baada ya saa 2 vitoe, vifute kwa namna ile ile, upime tena. Gawanya badiliko kwa uzito wa mwanzo, zidisha kwa 100. Chora grafu, na mahali mstari unapokata sifuri ndipo maji ya sukari yanapolingana na ndani ya seli za kiazi. Kwa viazi vingi utaangukia kati ya 0.2 na 0.4.

Namba zikiruka ruka, tatizo karibu daima ni kufuta. Kipande cha gramu 5 kikibeba matone ya gramu 0.3, umeongeza asilimia 6 ambayo haipo. Mpe mwanafunzi mmoja kazi ya kufuta vipande vyote, mara mbili kila upande, mwanzo na mwisho. Viazi vilivyonyauka sokoni vitasukuma mstari upande wa kulia, kwa kuwa vimekwisha kupoteza maji. Chumvi ni rahisi kuliko sukari, lakini huvuja taratibu kuingia kwenye seli, na ikikaa kwa saa nyingi inavuruga mahali pa sifuri. Ukilazimika kuitumia, punguza muda uwe dakika 45, na uanzie gramu 0 hadi 20 kwa lita, kwa hatua za 5.